Kigae Chenye Mwandiko Wangu

Mume wangu alikuwa na mazoea ya kunisema mbele ya wageni. "Wake za wenzangu wanarudi nyumbani na ndagala," alisema. "Wangu anarudi na nyungu zilizokufa. Miye nilimkosea Mungu nini?" Wageni wakacheka, na yeye akacheka kuwapita. Nikamjibu kwamba ndagala ni dagaa tu, unazila mara moja zinakwisha, lakini kigae kinakaa. Akasema ndiyo, kinakaa, ndiyo maana sisi hatuna tena pa kukaa. Hakukosea. Magunia ya vigae yalikuwa chini ya kitanda, yalikuwa nyuma ya mlango, na mgeni mmoja kati ya hao waliocheka alikuwa amekalia gunia.

Miye ni mwalimu wa historia, hapa hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Masomo ya chuo niliyaanza nikiwa msichana, nikayaacha kwa sababu ya vita, nikayarudia, nikayaacha kwa sababu ya mimba, nikayarudia tena. Kilichonibakia kilikuwa mémoire, yaani kitabu cha mwisho unachokiandika mwenyewe halafu unakitetea mbele ya walimu watatu. Nilikuwa nakiandika polepole, kama mtu anayesonga bugali siku isiyo na wageni. Mara chuo kikatangaza kwamba mfumo wa zamani wa masomo unafungwa. Asiyetetea kitabu chake katika kipindi cha mwisho kilichopangwa ataanza upya, mwaka wa kwanza, katika mfumo mpya. Nikafikiria wenzangu wa mwaka wa kwanza watakuwa nani. Ni watoto niliowafundisha mwenyewe, wale niliowapa sifuri. Nikae nao benchi moja, niwaombe kalamu. Nilisema hapana, hilo sitalikubali.

Kitabu changu kilihusu kilima kimoja upande wa Swima, kinachoangalia ziwa. Watu wa kufyatua matofali walipochimba udongo pale walitoa vigae vingi vyenye mistari ambayo hakuna bibi wa siku hizi anayeichora. Nani waliishi pale, hakuna aliyejua. Wazee wa Swima waliniambia kwa heshima zote kwamba hata wakubwa wao walivikuta. Nikaomba ruhusa kwa mwenye kilima, nikachimba mashimo matatu kando ya yale ya matofali, kila moja katika jalala lake la kale, la chini, la katikati na la juu, na kila shimo lilikuwa na magunia yake peke yake. Kila kigae nilikiandikia namba upande wa ndani kwa ule wino mweupe wa kusahihishia makosa, kwa sababu kigae kisichojulikana kimetoka wapi ni takataka tu.

Mwalimu aliyenisimamia ni mzee mwembamba, anayeongea Kifaransa na watu wa chuo na Kiswahili na watu anaowapenda. Alitufundisha kwamba wanaosoma maisha ya kale wamegawanyika kambi mbili. Kuna watu wa mizani. Hao wanasema hesabu, pima, gawanya, na mtu wa kale atajitokeza mwenyewe kwenye tarakimu. Halafu kuna watu wa maana. Hao wanasema binadamu si mzigo wa mihogo, usimweke kwenye mizani, uliza aliamini nini, aliogopa nini, alionea haya nini. Kambi hizo mbili zimetukanana kwa adabu kwa miaka mingi. Nilimwuliza yeye ni wa kambi ipi.

"Miye ni mtu wa pensheni," akasema. "Wewe hesabu, mama, umalize."

Nikahesabu. Hesabu yenyewe si ngumu, hata mume wangu aliielewa. Ukichukua kipande cha mdomo wa nyungu, kupinda kwake kunakuonyesha mdomo mzima ulikuwa na upana gani, na kwa njia hiyo unaweza kujua gunia zima la vigae ni la nyungu ngapi. Ukijua jalala lilijaa kwa muda gani, na ukijua nyumba moja inavunja nyungu ngapi kwa mwaka, unagawanya, unapata nyumba. Kilima kilikuwa na nyumba ngapi: hiyo ndiyo ilikuwa mémoire yangu. Nilichokosa ni kitu kimoja tu, kile cha nyumba moja inavunja ngapi, na kwa hicho ilinipasa kuwauliza walio hai.

Nikachagua kartie yangu mwenyewe, yaani mtaa ninaokaa. Pale bado tunapika maharagi katika nyungu ya udongo, maana maharagi ya sufuria yana ladha ya sufuria. Nilianza kwa jirani yangu, mama mjane, mkulima, mwenye sauti ambayo akiita mtu hapa, aliye mbali kule Nundu anageuka. Tumeombana chumvi na moto tangu nilipoolewa. Nikaja na mita, kalamu na karatasi, nikamweleza vizuri kabisa.

"Mama, hii haiko ya msaada. Iko ya masomo yangu."

Akanishika mkono. "Ndiyo, mutoto wangu," akasema. "Nimesikia. Iko ya masomo."

Akanionyesha nyungu zake zilizovunjika. Zilikuwa zimepangwa ukutani kwa mstari, zingine bila kitako, zingine nusu, zingine mdomo tu. Nikapima, nikaandika, nikashukuru. Sikujiuliza ni nani duniani anayezipanga nyungu zilizovunjika kwa mstari.

Nikaenda nyumba ya pili na ya tatu, nikazunguka kartie yote, halafu nikavuka kijito mpaka kwa Warundi waliokimbia kwao, wakulima kama sisi, Wakristo kama sisi, na wanaotushinda kwa kuimba. Kila nyumba ilinipokea vizuri mno. Kiti kilikuwa tayari, maji ya kunywa yalikuwa tayari, nyungu mbovu zilikuwa tayari. Kila nyumba ilikuwa imevunja karibu sawasawa na nyingine, na hakuna hata nyumba moja iliyokuwa na sufuria nzuri. Niliwahurumia kwelikweli. Nilirudi nyumbani nikapanga tarakimu zangu kwenye jedwali, zikakaa wima na safi kama watoto wa komunyo ya kwanza, nikazituma chuoni.

Mwalimu wangu akanipigia simu akiwa anakohoa, na sikujua kama ni kikohozi au kicheko.

"Hesabu zako ni safi mno," akasema.

"Aksanti, mwalimu."

"Sikukusifu. Watu hawavunji nyungu kwa nidhamu namna hiyo. Kuna nyumba yenye mtoto mtundu, kuna nyumba yenye mlevi, kuna mama ambaye kila anachoshika kinamponyoka. Lazima nyumba moja ivunje nyingi na nyingine ivunje kidogo. Ukipima watu wengi ukakuta wote wana urefu mmoja, ujue umempima mtu mmoja mara nyingi. Rudi. Na rudi upesi, siku zinakwisha."

Nilikasirika. Niseme wazi kwamba miye ni mwepesi wa hasira, nawaka kama majani makavu na nazimika hivyo hivyo. Nilimwita mzee wa watu majina ambayo siwezi kuyaandika, baada ya kukata simu bila shaka. Halafu nikarudi. Safari hii nilibeba na ule wino mweupe, kwa mazoea tu ya kilimani, na kila nyungu mbovu niliyoipima kwa jirani yangu nikaiandikia namba ndogo ndani ya mdomo. Yeye alikuwa anapepeta unga, hata hakutazama.

Kesho yake nikavuka kijito mpaka kwa mama mmoja Mrundi, mwenye maneno machache na shamba safi kuliko mashamba yetu yote. Nyungu zake mbovu zilikuwa ukutani, kwa mstari. Nikainama na mita yangu, nikageuza ya kwanza, na ndani ya mdomo nikakuta mwandiko wangu mwenyewe.

Nikageuza ya pili. Mwandiko wangu. Ya tatu ilikuwa na ile saba yangu ninayoikata katikati, wanafunzi wangu wote wanaijua. Yule mama alikuwa anatazama ziwa. Na miye nikatazama ziwa, maana sikujua nitazame wapi. Halafu nikamwuliza kwa upole, "Mama, hizi nyungu zilivunjikia hapa?"

"Zilivunjika," akasema.

Na kwa hilo hakudanganya.

Nilirudi kwa jirani yangu nikiwa moto. Nilimkuta palepale, na ungo wake ule ule.

"Mama, nyungu zako zinatembea."

"Nyungu haina miguu, mutoto wangu."

"Zimevuka kijito. Nimezikuta ng'ambo, na namba yangu iko ndani."

Akaweka ungo chini. Akanitazama, na nikaona kicheko kinampanda kutoka tumboni. Alijaribu kukifunika kwa kitenge, hakikufunikika. Alicheka mpaka akakaa chini kabisa.

"Uliandika ndani?" akauliza. "We mutoto uko mubaya. Juu ya nini uliandika ndani?"

Basi akanieleza, akifuta machozi. Hapa kwetu, mtu akija na kalamu akahesabu vyombo vyako, nyuma yake inafuata jetoni, ile karatasi ndogo unayoipeleka uwanjani siku ya msaada ukapewa sufuria na ndoo na blanketi. Mwenye vyombo hapati. Aliyevunjikiwa anapata. Kwa hiyo siku ile nilipoingia kwake mara ya kwanza, habari ilikuwa imeshafika mwisho wa kartie. Sufuria zote zikaingia chini ya vitanda. Nyungu mbovu zikatolewa nje, na kwa kuwa hazikutosha nyumba zote, zikaanza kunitangulia. Zilipita njia ya nyuma ndani ya mabeseni, zimefunikwa majani ya mihogo ya kupika sombe, wakati miye napewa kiti na maji upande wa mbele.

"Lakini nilikuambia haiko ya msaada," nikasema.

"Na bale ba mwisho pia balisema iko utafiti," akasema. "Nyuma bakaleta mandoo. Sasa mi nitajua aje utafiti gani iko ya mandoo na utafiti gani iko ya bure?"

Nikabaki na methali tu, nikamwambia njia ya mwongo ni fupi.

"Yetu ilivuka mpaka kijito," akasema.

Nilicheka, siwezi kukataa. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, na nilipofika nyumbani nikalia. Jedwali langu zuri lilikuwa jedwali la nyungu chache zilizopimwa mara nyingi, na kipindi cha kutetea kilikuwa kimekaribia. Ningeweza kuzipinda tarakimu kidogo, nyumba hii niiongezee, ile niipunguzie, mpaka zionekane za kweli. Wazo hilo lilikuja, na halikuja kupita tu, lilikaa likaomba chai. Mume wangu akaniuliza kwa nini nalia, nikamweleza, akacheka sana, akasema niandike tu kwamba nilidanganywa, labda na miye nitapata jetoni. Sikumwongelesha mpaka siku ya pili.

Lakini kilichonisumbua zaidi hakikuwa uongo wenyewe, ni njia uliyopita. Katika mikutano ya kartie jirani yangu ndiye alikuwa wa kwanza kusimama kuwasema Warundi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tuliwapa, ugomvi wetu wote ni shamba la kulimia. Yeye alisema mbele ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, kwa ile sauti yake, kwamba watu wa ng'ambo wanatumalizia udongo. Na kumbe nyungu zake zilikuwa kwao. Nikarudi kumwuliza.

"Mama, yule mama wa ng'ambo, si unasema humutaki?"

"Nani alikuambia simutaki? Mi naongea juu ya mashamba."

"Na ukamuazima nyungu."

"Sasa nimuazime nani?" akauliza, akinitazama kwa huruma. "Uyu wa kuume anaongea sana. Uyu wa kushoto ni ndugu ya shefu. Mutu unamuazima bongo yako, inafaa akuwe mutu hawezi kukutaja."

Bongo, kwa kusema kwetu, ni uongo. Miezi yote hiyo nilikuwa napima nyungu, kumbe nilichokuwa napima ni nani anamwamini nani. Hakuna mkutano wa kartie, hakuna karatasi ya maswali, ambayo ingenipa jambo hilo. Ukimwuliza mtu anamwamini nani atakutajia mchungaji. Nyungu mbovu haikutajii mchungaji.

Nikamwomba aniambie njia yote, nyungu ilitoka wapi ikaenda wapi. Akakataa. Shefu wa kartie ndiye anayeandika majina ya watu wa msaada, na jirani yangu alikuwa amemwapia kwamba hana chombo hata kimoja. Ikijulikana, jina lake linafutwa, na mjane asiye na jina kwenye orodha ile analala na blanketi la mwaka juzi. Nikamwahidi, yeye na wenzake wote, kwamba sitaandika jina la mtu na sitalitamka mbele ya mtu. Mpaka leo sijalitamka, hata hapa.

Ndipo wakanieleza, mmoja mmoja, kwa kicheko kingi. Nikachora nyumba zao kama vitone na njia za nyungu kama mistari. Mistari haikufuata ukoo, haikufuata kanisa, na haikujali kijito kabisa. Huyu alimwazima yule kwa sababu alimsaidia kuzaa. Yule alimwazima huyu kwa sababu waligawana mbegu za maharagi mwaka wa njaa. Nikampigia mwalimu wangu, nikamwambia yote bila kuficha.

"Kumbe umehamia kambi ya maana," akasema.

"Hapana, mwalimu, bado napima. Nimebadilisha tu ninachopima."

Akakohoa. "Basi kiulize kilima swali hilo hilo."

Swali lilikuwa hivi. Kama nyungu inaweza kutoka nyumba hii kwenda ile, basi vipande vyake vinaweza kuishia kwenye majalala mawili tofauti. Je, kilimani kuna kigae cha shimo moja kinachoungana na kigae cha shimo lingine? Na miye, kwa unadhifu wangu, sikuwahi hata siku moja kukiweka kigae cha shimo la chini karibu na cha shimo la juu. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Tukasogeza madawati, tukamwaga magunia sakafuni, kila shimo upande wake. Nasema tukamwaga, kwa sababu mume wangu alikuja kusaidia. Alisema anataka kuyaona magunia hayo yakitoka nyumbani kwa macho yake.

Tulivipanga kwa rangi, kwa unene, kwa mistari. Tukajaribu kimoja kwa kingine, jino kwa jino, mpaka vidole vikachubuka. Vingi havikuungana. Nilianza kufikiria tena ile benchi ya mwaka wa kwanza. Mume wangu alikuwa upande wa shimo la juu, amekaa chini, anajaribu na kuacha, anajaribu na kuacha, huku akinung'unika juu ya watu wa kale na uzembe wao. Mara akanyamaza. Mume wangu hanyamazi, kwa hiyo nikageuka. Alikuwa ameshika vipande viwili, na vilikuwa vimekaa pamoja, mstari wa kimoja unaendelea kwenye kingine bila kuruka.

Nikageuza nikasoma namba. Kimoja cha chini, kimoja cha juu.

Nililia tena, na safari hii kwa furaha, wala sioni haya kusema. Mume wangu akanishika bega, akasema hajawahi kuona mtu akililia sahani ya watu wengine namna hii. Lakini na yeye sauti ilikuwa imebadilika. Mtu fulani alitoka na nyungu nyumba ya chini, akapanda nayo nyumba ya juu, akapokelewa. Sijui alipeleka chakula, au dawa, au na yeye alikuwa anamficha mtu wa kuhesabu. Alipokelewa, hilo nalijua.

Tukapata vingine, si vingi lakini vya kutosha, na karibu vyote vilikuwa vya chini na juu. Shimo la katikati halikuungana na mtu. Watu wa katikati sijui walikosana nini na majirani wao. Mume wangu alisema labda waliongea sana. Mwalimu wangu alipopata habari alifurahi, halafu akafanya kazi yake ya kunikatisha furaha: mvua nayo inaazima, akasema, inachukua kigae huku inakipeleka kule. Nikamjibu kwamba katika nyungu zile sehemu kubwa ya kila moja ilibaki shimo la chini, na vipande vichache ndivyo vilivyopatikana juu, na mvua ya kwetu Fizi nimeijua tangu nizaliwe, sijaiona ikipanda mlima. Akasema niandike hivyo hivyo, ila kwa Kifaransa.

Siku ya kutetea ilifika. Kwetu mtu hatetei peke yake. Ukoo unakuja, kanisa linakuja, kartie inakuja na vitenge vya aina moja, na ndani ya mikoba kuna unga uliofichwa wa kukumwagia kichwani ukifaulu. Jirani yangu alikuja na wanawake wa pande zote mbili za kijito. Shefu wa kartie na yeye nilimwalika, maana huwezi kufanya jambo kubwa ukamruka. Akaketi mstari wa mbele, suti imepigwa pasi, na mke wake akaketi nyuma pamoja na wanawake.

Nilieleza kilima, nikaeleza nyungu zinazotembea za Baraka, nikaonyesha mistari yangu. Walimu wawili waliuliza maswali, nikajibu. Wa tatu alikuwa rais wa jury, yaani mwenyekiti wa baraza hilo la walimu, mtu wa mizani kutoka kichwani mpaka viatuni. Akaichukua karatasi yenye mistari, akaiinua juu watu waione.

"Madame," akasema, "kilima chako chote kimesimama juu ya karatasi hii. Unasema nyungu ilitoka hapa ikaenda pale kwa siri. Mashahidi wako hawana majina. Mtoto yeyote anaweza kuchora mistari. Nani anathibitisha?"

"Niliwaahidi nisiwataje, bwana rais."

"Basi taja mmoja tu."

"Siwezi."

"Kama huwezi, hatuna ushahidi," akasema, na akaanza kuikunja karatasi. Mwalimu wangu aliinamisha kichwa. Kumtaja jirani yangu kulikuwa kazi ya pumzi moja, alikuwa amekaa palepale. Nikayakaza macho mezani, nisije nikamtazama.

Nikasikia kiti kinasogea. Jirani yangu alikuwa amesimama.

"Mama, wasikilizaji hawaongei," rais akasema.

"Siongei, baba. Najibu." Sauti yake ilijaa ukumbi bila kuhangaika. "Ile nyungu iko yangu. Mi njo niliiazima. Shefu uyu hapa, nilimuapia sina chombo, na ilikuwa bongo. Sufuria zangu ziko chini ya kitanda. Aende aone."

Shefu alikaza shingo. Nikamwona yule mama Mrundi anasimama, mwenye maneno machache.

"Nami nilizipokea," akasema.

Akasimama mwingine, na mwingine, upande huu na upande ule, mpaka mstari wangu wote wa karatasini ukawa umesimama ukumbini kwa vitenge. Shefu akageuka kuwatazama, awashike sura, nadhani, na katikati yao akamwona mke wake mwenyewe, amesimama, anatazama viatu vyake. Akageuka mbele tena polepole. Rais wa walimu alivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Jury imeona mashahidi," akasema.

Walitoka kushauriana, wakarudi, wakasoma kwamba nimefaulu. Sikusikia alama zenyewe, kelele zilikuwa nyingi. Unga ulinijia kutoka pande zote, nikawa mweupe mpaka masikioni. Mume wangu alikuwa anamweleza mwalimu wangu jinsi alivyokigundua kile kigae yeye mwenyewe, na mzee alikuwa anamsikiliza kwa adabu. Shefu alipita mbele yetu bila neno, mke wake nyuma yake.

Nilimtafuta jirani yangu nikampata uani. Nilijua alichokitoa mle ndani. Orodha inayofuata itasomwa na jina lake halitasikika, na hilo alilijua kabla hajasimama. Nilitaka kumshukuru, nikamshika mikono. Akanitazama kwa uso wa kazi.

"Sasa, madame," akasema, "bile byombo binakuya siku gani?"

Moyo uliniuma. Baada ya yote hayo bado alikuwa anangoja, na miye sikuwa na hata kijiko cha kumpa. Ingekuwa rahisi kumwambia labda mwezi ujao.

"Hakuna, mama," nikasema. "Tangu mwanzo hakuna kitu."

"Najua," akasema. Akachukua ncha ya kitenge chake akaanza kunifuta unga machoni. "Nilitaka tu nisikie kama diplome imekufundisha bongo."

Nilicheka mpaka unga uliobaki ukaniingia mdomoni, na yeye akanishika mkono kunitoa mpaka barabarani, maana njia sikuiona.